Gari la familia halina mkaguzi: tulikague wenyewe kabla ya safari ya Desemba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumze na wenzangu ambao, kila unapofika mwisho wa mwaka, hufunga safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda nyumbani Kilimanjaro kwa gari lao wenyewe, ile safari ambayo Watanzania wenzetu hututania kwamba tunakwenda kuhesabiwa. Naandika mapema kwa makusudi, shule zikiwa bado hazijafungwa, kwa sababu mengi nitakayoyasema hayawezi kufanyika usiku wa kuamkia safari, na usiku huo ndio ambao wengi wetu huutumia kwa maandalizi yote.

Basi la abiria linapotaka kutoka Kituo cha Magufuli pale Mbezi katika wiki za Desemba, askari wa usalama barabarani hulikagua, huyaangalia matairi yake, na mara nyingi dereva hupimwa ulevi kabla hajaruhusiwa kuondoka. Gari la familia linatoka uani gizani, likiwa na roho saba ndani yake, na hakuna mtu aliyelitazama isipokuwa yule aliyelipakia mizigo. Stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama iliyobandikwa kwenye kioo inaonyesha kwamba gari liliwahi kukaguliwa siku fulani. Haisemi lolote juu ya hali ya tairi alfajiri ya leo. Mkaguzi wa gari hilo ni mimi mwenye gari pamoja na mke wangu, na kwa miaka mingi kazi hiyo hatukuifanya.

Desemba ya mwaka 2022 tulitoka Kimara saa tisa usiku, watu wazima wanne na watoto watatu, gari likiwa limejaa mchele, sukari, madumu ya mafuta ya kula na godoro la mama juu ya keria. Nilikuwa nimelala saa mbili tu, kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikifunga mizigo hadi usiku wa manane. Saa mbili na nusu asubuhi, tulipokuwa tumeiacha Mombo nyuma na kuelekea Mkomazi, tairi la nyuma kushoto lilipasuka. Haikuwa pancha ya kawaida, ile inayokupa nafasi ya kuhisi gari linavuta upande mmoja; ulikuwa mlio mmoja mkubwa, kisha mkia wa gari ukaanza kwenda unakotaka wenyewe. Nami nikafanya kosa lile ambalo mguu hulifanya kabla akili haijafika: nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Gari likajigeuza, likatoka barabarani na kusimama kwa kishindo kwenye ukingo wa mtaro. Mungu alitujalia kwamba hapakuwa na lori lililokuwa likija upande wa pili. Lakini binti yetu wa miaka minne, aliyekuwa amelala juu ya mapaja ya shangazi yake, alirushwa akapita katikati ya siti mbili za mbele na kuigonga dashibodi kwa paji la uso. Alishonwa nyuzi sita. Kovu lake nalitazama kila asubuhi anapovaa sare za shule.

Yaliyofuata yalinifundisha zaidi kuliko ajali yenyewe. Spea tairi lilikuwa chini kabisa, chini ya magunia, na ilituchukua karibu saa nzima kuishusha mizigo yote kando ya barabara, huku mke wangu amemshika mtoto na kanga imelowa damu. Tulipolifikia spea tairi, tulilikuta halina upepo. Jeki ilikuwapo, lakini spana ya kufungulia nati niliiacha nyumbani siku nilipomwazima jirani. Dereva wa lori ambaye sikumfahamu, na ambaye hadi leo namwombea heri, alisimama, akatupa spana yake, akajaza upepo kwa pampu yake, na ndipo tukampeleka mtoto hospitali.

Siku ya pili nililipeleka lile tairi kwa fundi wa matairi. Kwa macho yangu lilikuwa tairi zuri: kashata zake, yaani yale matuta ya mpira yanayokanyaga lami, zilikuwa nene, na lilikuwa liking'aa kwa weusi. Nililinunua mwezi mmoja kabla kwa muuzaji wa matairi ya mtumba, ambaye simtaji kwa sababu wa aina yake ni wengi. Fundi hakuzitazama kashata. Alitema mate kidogo kwenye kidole, akafuta ubavu wa tairi, akanionyesha kijisanduku chenye tarakimu nne karibu na herufi za DOT: 1412. Maana yake, alisema, lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2012. Tairi lilikuwa na miaka kumi. Alilikunja kwa dole gumba, na katika ule mkunjo zikaonekana nyufa nyembamba kama za udongo wa bwawa lililokauka. Ule weusi uliokuwa ukiniridhisha ulikuwa ni dawa ya kupaka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujasoma zaidi, tafadhali nenda kwenye gari lako na tochi ya simu, uyasome matairi yote manne pamoja na la tano. Tarakimu mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Namba hiyo mara nyingi huandikwa upande mmoja tu wa tairi, hivyo usipoiona nje, huenda ipo ubavu wa ndani na itabidi uiname. Mpira huzeeka hata ukiwa umewekwa tu dukani, nao huzeeka upesi zaidi katika jua letu. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kwa makini linapozidi miaka mitano na lisitumike tena baada ya miaka kumi, hata kama kashata bado zipo. Mimi baada ya yaliyonikuta sisafiri masafa marefu na tairi lililovuka miaka sita. Kuhusu kashata zenyewe, ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6, na uso wa tairi ukilingana na vinundu hivyo, tairi hilo ni kipara hata kama bado linapendeza. Hatujasahau ajali ya Juni 28, 2025 pale Sabasaba wilayani Same, ambapo basi na basi dogo yaligongana na kuwaka moto na kuua watu zaidi ya 35. Ilielezwa kwamba tairi la basi lilipata pancha na dereva akashindwa kulimudu gari. Ikikutokea, Mungu apishe mbali, usikanyage breki: shika usukani kwa mikono miwili, ondoa mguu kwenye mafuta, uliache gari lipungue mwendo lenyewe, ndipo ulitoe barabarani.

Upepo nao una kisa chake. Magari yetu mengi yametoka Japani, na kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko cha maandishi ya Kijapani ambacho wengi wetu hatukitazami kwa kuwa hatukielewi. Tarakimu zake lakini zinasomeka. Ukiona 220, hicho ni kipimo cha kilopaskali, na kwa mashine ya fundi wa mtaani ni sawa na 32. Baadhi ya vibandiko huonyesha namba kubwa zaidi kwa gari lililojaa watu na mizigo, nayo ndiyo ya kufuata katika safari ya Desemba. Upimwe asubuhi, kabla tairi halijapata moto, kwa sababu tairi lililotembea huonyesha upepo mwingi kuliko lilio nao. Tairi lenye upepo pungufu, gari likiwa limejaa, na lami ya mchana ikiwa inachoma kati ya Hedaru na Same, hujikunjakunja, hupata joto ndani kwa ndani, na hatimaye hupasuka kama langu.

Mengine ya gari yapo mikononi mwa fundi unayemwamini, nami sitayarefusha. Gari lipelekwe gereji wiki mbili kabla ya safari, na wala si siku mbili, ili kama kuna kifaa cha kubadilisha, gari lipate siku za kutembea mjini na tatizo jipya lijitokeze Ubungo badala ya kujitokezea Mkata. Fundi atazame breki pedi, mafuta ya breki, mipira ya rejeta, mkanda wa injini, bolijointi, betri na wipa, kwani mvua za vuli zinaweza kutukuta njiani. Taa za breki huwezi kuziona ukiwa umekaa kwenye usukani. Mwambie mtoto asimame nyuma akueleze kama zote zinawaka.

Nakuja sasa kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, nalo ni siti za nyuma. Tulipoamua kwamba hatutasafiri tena bila kila mtu kufunga mkanda, tuligundua kwamba gari letu, tulilokuwa nalo kwa miaka mitano, lilikuwa na mikanda ya nyuma ambayo hatukuwahi kuiona. Mafundi wa kushona vitambaa vya siti walikuwa wamevifunika kabisa vile vifungio. Mke wangu alipiga magoti kwenye sakafu ya gari, akauingiza mkono katikati ya mto na mgongo wa siti, akawa anatoa kimoja baada ya kingine: sarafu, maganda ya karanga, kifuniko cha kalamu, na mwishowe kifungio cha kwanza, chekundu, kipya kabisa, hakijawahi kutumika tangu gari litoke kwao. Tulikata kitambaa kwa mkasi siku ile ile.

Tunamwona mtoto yuko salama zaidi akiwa amepakatwa, kwa kuwa mikono ya mama ndiyo salama ya kwanza aliyoijua. Hapo hesabu inatukataa. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu kisichosogea, aliyemo bila mkanda hupatwa na kishindo sawa na cha mtu aliyeanguka kutoka kimo cha takriban mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Kwa kilomita 80, kimo hicho huwa mita 25. Hakuna shangazi duniani, hata awe na mapenzi kiasi gani, anayeweza kumzuia mtoto kwa mikono katika anguko la namna hiyo, na kama shangazi mwenyewe hajafunga mkanda, ataanguka juu ya mtoto, au juu ya dereva. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mkanda unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa watu waliomo ndani ya gari hadi kwa nusu. Barabarani askari hutazama zaidi mkanda wa dereva na wa abiria wa mbele, nasi tumelizoea hilo mpaka tukadhani kwamba ajali nayo hutazama mbele tu.

Mtoto mchanga anahitaji kiti chake mwenyewe, kilichofungwa siti ya nyuma, na kile kinachomgeuza mtoto kutazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa. Aliyekua kidogo anahitaji kiti cha kumwinua ili mkanda upite begani na kifuani badala ya shingoni, mpaka atakapofikisha kimo cha kati ya sentimita 135 na 150. Najua viti hivi ni gharama. Sisi cha kwanza tulikinunua kwa fedha tulizokuwa tumezitenga kwa nguo za Krismasi, na watoto walivaa nguo za mwaka uliopita. Kuhusu idadi ya watu, gari lenye mikanda saba ni gari la watu saba, na binamu wa nane atafutiwe tiketi ya basi, hata kama hilo litazua maneno katika ukoo. Binti yetu mwenye kovu, ambaye sasa ana miaka saba, ndiye mkaguzi wa mikanda: hutaja jina la kila mmoja, na gari haliondoki mpaka kila mmoja ameitika.

Dereva naye ni sehemu ya gari inayohitaji matengenezo, na dawa yake ni usingizi. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa gari hukata karibu mita 28 kwa kila sekunde, hivyo macho yakifumba kwa sekunde tatu tu, gari limekwenda zaidi ya mita 80 bila mtu yeyote kuliendesha. Usiku wa Februari 3, 2023, katika eneo la Magira Gereza wilayani Korogwe, basi dogo lililokuwa likisindikiza mwili wa marehemu kutoka Dar es Salaam kwenda kuzikwa Rombo liligongana na lori, na taarifa za kwanza zilieleza kwamba watu 17 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa wa familia moja. Familia ilikwenda kuzika mtu mmoja. Sisemi lolote juu ya madereva wale. Nasema tu kwamba barabara ile, usiku, yenye malori na sasa na mabasi yaliyoruhusiwa tena kusafiri usiku tangu mwaka 2023, si mahali pa baba aliyelala saa mbili.

Siku hizi kwetu mizigo hupakiwa mchana wa siku iliyotangulia na wengine, mimi nalala saa tatu usiku, na tunatoka saa kumi na moja alfajiri ili kilomita zote takriban 550 ziishe kabla ya giza. Mizigo mizito hukaa chini, na spea tairi, jeki, spana na pembe tatu za kuakisi mwanga hukaa mahali ambapo mkono unavifikia bila kushusha gunia hata moja. Dawa za presha za shangazi huwa kwenye mkoba wake mwenyewe, kamwe si kwenye begi lililofungwa kwenye keria. Tunasimama kila baada ya saa mbili, hata kama hakuna anayetaka kusimama, na Korogwe tunakula tukiwa tumeketi mezani. Mtoto mwenye tabia ya kutapika anapewa siti ya dirishani, chakula chepesi, na hapewi simu ya kutazama katuni, maana macho yaliyoinamia kioo huku mwili ukiyumba ndiyo humchafua tumbo. Kipande cha kati ya Mkomazi na Mwanga, kilichonyooka na chenye joto la mchana huku milima ya Pare ikiwa mkono wa kulia, ndicho kinachosinziza kuliko vyote, na hapo ndipo ng'ombe huvuka bila taarifa. Mke wangu huchukua usukani tangu Korogwe hadi Same.

Nina ombi pia kwa wazee wetu walioko nyumbani, nalitoa kwa heshima zote. Simu ya "mmefika wapi?" inayopigwa kila baada ya nusu saa inatokana na mapenzi, lakini humfikia dereva kama fimbo. Anajibu "tumekaribia" akiwa bado Segera, kisha anaanza kulifukuzia neno lake. Mwaka jana nilimwomba mama atuachie sisi tumpigie tukifika Same, na kwamba supu ikipoa itapashwa moto. Alikubali, akaniambia kwamba hata marehemu baba alikuwa hapendi kuharakishwa akiwa njiani.

Gari likiharibika, wote washuke upande usio wa barabara, wakae mbali na lami na nyuma ya gari pasikaliwe na mtu. Pembe tatu iwekwe mbali, si hatua tano kama tunavyozoea. Mimi huhesabu hatua mia moja nikitembea kwa kuyatazama magari yanayokuja. Yale matawi ya miti yanayotandazwa barabarani kwa ajili ya malori hayaonekani usiku, na mara nyingi lori huondoka likayaacha pale pale. Namba 112 ya polisi na 114 ya zimamoto na uokoaji ziwe zinajulikana na kila mwenye simu ndani ya gari.

Safari ya kurudi inastahili ukaguzi uleule, na pengine zaidi. Tunarudi tukiwa tumechoka kwa sherehe, baadhi yetu tukiwa na pombe ya jana yake mwilini, na gari likiwa zito kuliko lilivyokwenda, kwa sababu hakuna mama wa Kichaga anayemwacha mwanawe aondoke bila mikungu ya ndizi, maparachichi na maharage. Upepo upimwe upya Moshi, na siku ya kuondoka iwe moja kabla ya siku ya mwisho ya likizo, ili anayehisi usingizi Hedaru awe na haki ya kutafuta nyumba ya wageni Korogwe na kulala.

Mhariri, naomba barua hii, au hata ile aya ya kusoma umri wa tairi peke yake, ichapwe tena katika wiki ya kwanza ya Desemba. Nawaomba pia wauzaji wa matairi wakubali mteja ayageuze na kuyasoma kabla ya kulipa, na mafundi wa vitambaa vya siti waache tundu la kila kifungio.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Baba wa watoto watatu,
Kimara, Dar es Salaam.